Je, Saratani Huchagua Kabila?



Yapo maneno mawili ambayo husikika sana katika mabaraza yetu na matanga yetu pindi mtu anapofariki kwa saratani, maradhi ambayo wengi wetu huyaita kansa. Neno la kwanza ni kusema kwamba hayo ni maradhi ya watu wa namna fulani, yamo katika damu yao, na watu wa kabila lile au rangi ile ndivyo walivyoumbwa. Neno la pili ni kusema kwamba hiyo ni kadari, na mja hana lake. Maneno haya hayatoki katika moyo mmoja. Mara nyingi la kwanza hutoka kwa mtu mwenye kudharau, na la pili hutoka kwa mtu mwenye imani. Lakini natija yake ni moja: yote mawili huufunga mlango wa kuuliza. Mtu akishasema kuwa ugonjwa umo katika damu ya jirani yake, haulizi tena jirani huyo anateka maji wapi, analala ndani ya chandarua au hana, na alisafiri masafa gani kabla hajaonana na daktari.

Basi leo tunataka kuufungua mlango huo. Swali letu ni hili: ikiwa watu wa rangi moja au kabila moja wanapatwa na saratani, au wanakufa kwayo, zaidi kuliko wenzao, je, sababu ni uzao wao au ni mahali walipo? Na ikiwa ni mahali walipo, ni nani mwenye dhima ya mahali hapo?

Mwandishi wa maneno haya anasomesha watoto huko Mang'ula, na kwa kuwa wengi wa wasomaji wetu ni watu wa pwani, si vibaya kuueleza mji huo. Mang'ula iko chini ya milima ya Udzungwa, katika bonde la Kilombero, mkoa wa Morogoro. Ukitoka Mikumi unapita Kidatu penye mashamba ya miwa, kisha Mang'ula, kisha unafika Ifakara. Reli ya TAZARA, iliyojengwa baina ya mwaka 1970 na 1975, inapita hapo hapo. Kwa ajili ya miwa, reli na mpunga, watu wamekuja kutoka kila upande. Wapo Wandamba na Wapogoro, wapo Wahehe na Wabena, wapo Wangoni na Wanyakyusa, wapo Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao, na wapo ndugu zetu wa pwani waliokuja kwa biashara. Kila mmoja ana lugha yake na ada zake za arusi na mazishi. Lakini masika yakiingia na maji yakatuama mashambani, mbu hamuulizi mtu jina la babu yake.

Tuanze basi na huyo mbu.

Mwaka 1957 daktari mmoja wa upasuaji, Denis Burkitt, mtu wa Ireland aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, alionyeshwa mtoto aliyevimba mataya. Baadaye akaona mwengine, na mwengine, mpaka akatambua kwamba hii ni saratani ya watoto ya namna moja, na mwaka 1958 akaiandikia khabari zake. Wakati huo ilionekana kuwa ni maradhi ya watoto wa Kiafrika, na hata vitabuni yakaitwa uvimbe wa Kiafrika. Lau kama daktari yule angeridhika na jina hilo, elimu ingesimama pale pale. Lakini yeye aliuliza: ni Afrika ipi? Mwaka 1961 alifunga safari pamoja na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, ndani ya gari kuukuu, wakaenda kiasi cha maili 10,000 kutoka Kampala mpaka Afrika ya Kusini na kurudi. Kila walipoikuta hospitali waliingia, wakaonyesha picha za watoto wale, wakauliza kama maradhi hayo yanajulikana hapo.

Jawabu waliyorudi nayo ilikuwa ya ajabu. Uvimbe ule haukufuata Uafrika, bali ulifuata joto na mvua. Juu milimani penye baridi haukuonekana. Katika nchi kavu haukuonekana. Ulionekana mabondeni na kwenye tambarare zenye joto na maji, kama zilivyo nchi zinazozunguka Ziwa Viktoria na kama lilivyo bonde letu.

Mwaka 1966 Burkitt na mwenzake Dennis Wright wakachapisha uchunguzi wao juu ya makabila ya Uganda. Waliona kwamba makabila hutafautiana kweli, lakini tafauti ile ilifuata nchi wanazokaa. Tena waliona jambo ambalo kila mwenye kushikilia damu na alizingatie. Watu waliohama kutoka nchi za juu zisizokuwa na malaria nyingi, wakashuka kukaa nchi za chini, wao pia walipatwa, na walipatwa wakiwa na umri mkubwa kuliko wenyeji. Kwa nini? Kwa sababu mwenyeji aliyakuta madhara ya mahali pale tangu utotoni, na mgeni aliyakuta siku aliyofika. Damu waliyokuja nayo ilikuwa ile ile waliyokuwa nayo mlimani, bali nchi ndiyo iliyobadilika.

Ama kiini cha maradhi, mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake Yvonne Barr na Bert Achong walikiona kirusi ndani ya chembe walizozikuza kutoka katika vipande vya uvimbe vilivyotoka Uganda. Baadaye ikadhihirika kwamba kirusi hicho wanacho karibu watu wote duniani, Mwarabu na Mzungu, Mhindi na Mwafrika, na aghlabu hakiwadhuru. Basi mbona mtoto wa bondeni kinamuua na mtoto wa Ulaya kinamwacha? Wataalamu wanaeleza kwamba mtoto anayeshikwa na malaria mara baada ya mara, mwaka baada ya mwaka, kinga ya mwili wake hudhoofika na kushughulishwa, na kirusi kilicholala kikapata nafasi. Mwaka 2012 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililoko Lyon, Ufaransa, liliiweka malaria ya nchi zenye maambukizo makali katika orodha ya mambo ambayo yumkini husababisha saratani kwa wanadamu.

Wala hatudai kwamba kila kitu kimekwisha kujulikana. Huko Mara kaskazini, baina ya mwaka 1977 na 1982, watoto walipewa dawa ya klorokwini ili ionekane kama uvimbe ule utapungua. Ulipungua, lakini ulikuwa umeanza kupungua hata kabla dawa hazijagawiwa, kwa hiyo wachunguzi wenyewe hawakuweza kusema kwa yakini kwamba ni dawa iliyofanya kazi. Huo ni uaminifu wa kupigiwa mfano. Mwenye elimu husema anachokijua na huishia pale elimu yake ilipoishia.

Sasa natutazame nani anaumwa na mbu katika bonde moja. Mwishoni mwa miaka ya 1990, katika wilaya za Kilombero na Ulanga, palifanywa kazi kubwa ya kuuza vyandarua vyenye dawa kwa bei nafuu, na vikaitwa Zuia Mbu. Mwaka 1997, katika nyumba zilizo maskini zaidi, ni kiasi cha nyumba 20 katika kila 100 zilizokuwa na chandarua, na katika nyumba zenye nafuu ni 63. Ilipofika mwaka 2000, nyumba maskini zilifika 54 na zile zenye nafuu zilifika 92. Na mwaka 2001 wataalamu walichapisha hesabu kwamba kwa watoto wa tangu mwezi mmoja mpaka miaka minne, chandarua chenye dawa kiliongeza kunusurika kwa asilimia 27. Hesabu hizo si za saratani, lakini zinatuonyesha mambo mawili. La kwanza, kabla ya kazi ile, baina ya nyumba na nyumba ya bonde lile lile palikuwa na tafauti zaidi ya mara tatu katika kumiliki kitu kidogo kama chandarua, na jambo hilo halihusiani na ukoo bali linahusiana na mfuko. La pili, tafauti ile ilipungua kwa muda wa miaka mitatu. Je, damu ya watu ilibadilika kwa miaka mitatu? La, hasha. Kilichobadilika ni bei na upatikanaji.

Tuje kwenye maji. Nani katika sisi watu wa pwani, khasa ndugu zetu wa Unguja na Pemba, asiyekijua kichocho? Mtoto anaoga kwenye kidimbwi au kijito, vijidudu vilivyotoka kwa konokono wa majini vinapenya ngozi yake, na baada ya muda anakojoa damu. Ifakara nako kichocho cha mkojo kilichunguzwa na kuandikiwa tangu mwaka 1983. Wengi hudhani ni ugonjwa wa utoto unaokwisha wenyewe. Lakini mayai ya mdudu yule hukwama katika nyama za kibofu, yakakikera kibofu mwaka baada ya mwaka, mpaka kwa baadhi ya watu mahali pale pakageuka saratani. Jambo hili wataalamu wamelithibitisha, na shirika lile la Lyon lilikiweka kichocho cha mkojo mwaka 1994 katika orodha ya visababishi vya saratani. Huko Misri, kwa miaka mingi, saratani ya kibofu ilikuwa ndiyo saratani kubwa ya wanaume, khasa wakulima wa mashamba ya kumwagilia kwa maji ya Mto Nile. Serikali ilipopigana na kichocho na dawa zikasambaa, saratani hiyo nayo ikapungua.

Lau mtu angesema katika miaka ile kwamba saratani ya kibofu ni maradhi ya damu ya Kimisri, angepata wa kumuitikia, maana hesabu zilikuwa wazi kwamba Wamisri wanaugua kuliko Wazungu. Hesabu zingekuwa za kweli na maneno yake yangekuwa ya uwongo. Hapa pana funzo kubwa, ndugu msomaji: hesabu inaweza kukuonyesha nani anaumwa, lakini haikuambii kwa nini mpaka uende ukatazame anasimama wapi. Yule mkulima wa Misri alisimama ndani ya maji. Na mkulima wa mpunga wa Kilombero naye husimama ndani ya maji, kwani mpunga haulimwi juu ya mkeka.

Jambo la tatu ni masafa. Katika nchi ya Tanzania, saratani inayowaua wanawake kuliko nyengine zote ni ile ya mlango wa kizazi. Maradhi haya huletwa na kirusi, na huenda polepole mno, aghlabu miaka kumi na zaidi, kabla hayajawa saratani yenyewe. Maana yake ni kwamba Mwenyezi Mungu ametupa muhula mrefu wa kuyawahi. Yanaweza kuchunguzwa kwa kupaka siki na kutazama, jambo la dakika chache na la gharama ndogo, na pale yanapoanza yanaweza kutibiwa siku hiyo hiyo. Tena ipo chanjo, ambayo Tanzania iliianza nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Pamoja na yote hayo, wengi wa wanawake wanaofika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road huko Dar es Salaam hufika maradhi yameshaenea.

Natuchukue mfano wa mwanamke wa Mang'ula mwenye kuona damu isiyo wakati wake. Kwanza anaona haya kumwambia mtu. Kisha anangoja mavuno. Kisha anaambiwa na jirani ajaribu dawa za miti. Kisha anakwenda zahanati, anaambiwa aende hospitali ya Mtakatifu Fransisko Ifakara, na akifika huko huenda akaambiwa kwamba matibabu ya mionzi yako Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 300. Hata kama dawa hakuuzwa, nauli ni yake, chakula ni chake, malazi ya wiki kadhaa ni yake, na wa kufuatana naye ni lazima aache shamba. Mke wa mtu mwenye nafasi aliyeko Upanga, mwenye maradhi yale yale, anapanda gari na kurudi nyumbani kabla ya adhuhuri. Wakifa wote wawili tutasema kadari imepita, nasi tutakuwa tumesema kweli. Lakini akifa mmoja kwa sababu ya nauli, je, jamaa zake na jirani zake hawana la kujibu?

Na jengo lile la Ocean Road lina historia ya kuzingatiwa. Lilijengwa na Wajerumani baina ya mwaka 1895 na 1897 kwa ajili ya Wazungu, na katika zama za Waingereza likaendelea kuwa hospitali ya Wazungu. Wakati huo miji yetu iligawanywa kwa rangi: palikuwa na Uzunguni, palikuwa na Uhindini, na palikuwa na mitaa ya Waswahili. Kila mtaa ulipewa barabara yake, mifereji yake na hospitali yake kwa kadiri ya rangi ya wakaazi. Mtu aliyezaliwa Uzunguni alikuta maji safi yanamngoja, na aliyezaliwa upande wa pili alikuta dimbwi. Baada ya miaka hamsini ya mpango kama huo, akija mwenye kuhesabu maradhi ataona rangi tatu zina siha tatu mbalimbali, naye akiwa mvivu wa kufikiri atadhani ameona maumbile, kumbe ameona ramani ya mji. Leo, alhamdulillahi, jengo lile lile linampokea mwanamke wa Kilombero. Mlango wa rangi umefunguka. Uliobaki ni mlango wa nauli.

Msomaji asidhani kwamba haya ni yetu peke yetu. Huko Marekani, nchi tajiri kuliko zote, hesabu huandikwa kwa rangi, nazo zinasema kwamba mwanamke mweusi hupatwa na saratani ya matiti kidogo kuliko mwanamke mweupe, lakini hufa kwayo zaidi kwa kiasi cha asilimia 40. Tafauti ya kufa na kupona namna hiyo itatoka wapi, ikiwa si kwa sehemu kubwa katika kuchelewa kuonekana, katika bima, katika hospitali iliyo karibu na mtaa na ile iliyo mbali? Na mitaa hiyo haikujipanga yenyewe. Tangu miaka ya 1930, ramani rasmi zilitiwa rangi nyekundu kwenye mitaa ya watu weusi ili wasikopeshwe fedha za nyumba, na viwanda vya kemikali vikajengwa karibu nao, kama ilivyo ukingoni mwa mto Mississippi baina ya Baton Rouge na New Orleans. Lakini wachunguzi walipowatazama wanaume wenye saratani ya tezi dume katika hospitali za askari wastaafu wa nchi hiyo hiyo, ambako mweusi na mweupe hupata matibabu ya namna moja, waliona ile tafauti ya vifo baina ya wagonjwa inapungua sana, na pengine haionekani kabisa.

Huenda mtu mwenye insafu akauliza: je, unasema kwamba maumbile hayana lolote? La, sisemi hivyo, kwani kusema hivyo kutakuwa ni kuikataa kweli kwa sababu hatuipendi. Wapo watu ambao familia zao zina udhaifu wa kurithi. Na saratani ile ya tezi dume huonekana kuwapata zaidi watu wenye asili ya Kiafrika, na yumkini damu ina sehemu yake katika hilo. Na upo mfano ulio wazi zaidi mbele ya macho yetu, nao ni ndugu zetu wenye ualbino. Ngozi yao haina ile rangi inayozuia jua, nao wengi huanza kupata vidonda vya ngozi tangu ujanani, na vidonda hivyo vikageuka saratani. Hapa rangi ya ngozi ndiyo sababu hasa, wala hakuna wa kupinga.

Lakini hata hapa, itazame khatima yao. Mtoto mwenye ualbino aliyepewa kofia pana, nguo za mikono mirefu na mafuta ya kujikinga, kama yale yanayotengenezwa Moshi kwenye hospitali ya KCMC, akasoma na akapata kazi ya kivulini, ana matarajio ya kuishi umri wa wenzake. Ndugu yake aliyenyimwa shule kwa kuwa haoni ubao vizuri, akapewa jembe, akalima mpunga adhuhuri ya jua kali, huyo hufa kijana. Ngozi zao ni moja na jua ni moja. Kilichowatafautisha ni kivuli, na kivuli kilikuwa mikononi mwetu kukitoa au kukizuia. Basi hata pale ambapo maumbile yana sehemu yake, sehemu yetu haifutiki.

Imebaki hoja ya kadari, nayo ndiyo nzito kwa Muislamu. Sote tunaamini kwamba hakuna jambo linalotokea ila kwa kudra ya Mwenyezi Mungu. Lakini wanachuoni wametupokelea kisa cha Sayyidna Umar (R.A.) alipokuwa akielekea Shamu, akapata khabari kwamba kumeingia tauni, akaazimu kurudi. Abu Ubayda (R.A.) akamuuliza kama anaikimbia kadari. Naye akambainishia kwamba anatoka katika kadari ya Mungu kwenda katika kadari ya Mungu, akampigia mfano wa mtu mwenye ngamia aliyefika bonde lenye pande mbili, upande mmoja una majani na mmoja ni mkavu: akilisha kwenye majani atakuwa katika kadari, na akilisha kwenye ukavu atakuwa katika kadari vile vile. Sisi tulioko Kilombero tunakijua kisa hiki kwa macho, maana bonde letu nalo lina pande mbili, wa chandarua na wa mbu, wa bomba na wa dimbwi. Kadari iko pande zote mbili. Basi kwa nini, tunapokuwa na uwezo wa kumvusha jirani, tunamwacha upande mkavu kisha tunamfariji kwa jina la kadari? Maneno ya subira ni dawa kwa aliyefikwa. Kwa aliyekuwa na uwezo wa kusaidia akakaa, maneno hayo hayo hugeuka udhuru.

Ama ile hoja ya damu, Uislamu uliimaliza zamani. Tumefundishwa tangu vyuoni kwamba kuhitilafiana kwa rangi na lugha ni dalili ya uweza wa Muumba, wala si ngazi ya cheo. Nchi yetu nayo iliacha kuwauliza watu kabila zao katika sensa baada ya ile ya mwaka 1967, na ilifanya vyema kwa ajili ya umoja. Lakini tukishaacha kuhesabu makabila, je, tuache kuhesabu kabisa? Hapa pana mtego. Mwenye kuhesabu rangi peke yake hukosea sababu, na asiyehesabu chochote huficha dhulma. Njia ya katikati ni kuihesabu nyumba: ina paa gani, maji yake yako wapi, ina chandarua, hospitali iko masafa gani. Mwaka 2003 wataalamu walichapisha uchunguzi wa namna hiyo uliofanywa vijijini kusini mwa Tanzania, Kilombero ikiwemo. Mtu wa mjini akiviona vijiji hivyo atasema wote ni maskini sawasawa. Wao waligundua kwamba hata baina ya maskini kuna ngazi, na mtoto wa nyumba yenye nafuu kidogo alipelekwa kwa tabibu zaidi, akapata dawa ya malaria zaidi, na akalazwa hospitali zaidi kuliko mtoto wa nyumba ya chini yake.

Khabari hii inatuhusu sana, kwani haki ya jirani katika dini yetu imekokotezwa mpaka Masahaba wakadhani jirani atapewa fungu la urithi. Na jirani hakuwekewa sharti la kabila wala la dini. Mtu hawezi kusema ameitimiza haki hiyo kwa kupeleka sahani ya futari mara moja kwa mwaka, hali jirani anakojoa damu naye anajua.

Basi yatupasa nini? Kwanza, nyumbani. Mama na amwambie bintiye juu ya chanjo na uchunguzi wa siki bila ya haya isiyo mahali pake, na mume asimzuie mkewe kwenda, kwani kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makubwa ya sharia. Mtoto mwenye kukojoa damu apelekwe akapate dawa, asichekwe. Pili, msikitini. Misikiti yetu hukusanya fedha za sanda na za kuchimba kaburi, na hilo ni jema. Lakini sanda ni ya aliyekwisha. Kwa nini kusiwe na mfuko wa nauli ya mgonjwa, akisafirishwa yeye na wa kumuuguza, na kwa nini wenye nafasi wa Dar es Salaam wasiweke wakfu wa nyumba ya kuwapokea wageni wa maradhi? Mafukara na maskini ndio wa mwanzo kutajwa katika wenye haki ya zaka. Tatu, wenye mamlaka. Bomba la maji, dawa ya kichocho mashuleni, chandarua kwa asiye na fedha, na tabibu wa karibu, hizo ni haki za raia. Mwenye dhamana ya watu ataulizwa juu yao, na sisi tulionyamaza tutaulizwa juu ya kunyamaza kwetu.

Tukirudi kwenye swali letu, jawabu ni hili. Saratani haikuumbwa kwa kabila moja. Mara nyingi humpata mtu kupitia mbu aliyemuuma, maji aliyosimama ndani yake, na masafa yaliyomshinda, na palipo na sehemu ya maumbile, maumbile hayo nayo yanahitaji kivuli. Mtu hakuchagua kuzaliwa bondeni, wala sisi hatukuchagua kuzaliwa ubavuni pake. Lakini kumtazama akiangamia na kusema ndiyo damu yake, hilo tumelichagua wenyewe, na kwa jambo la khiari mtu huhesabiwa.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotangulia, na atupe nyoyo zenye kuona haki ya jirani kabla ya kuitwa kwenye jeneza lake. Amin.